Misiba ya corona tuliyoizika haraka bado iko mwilini mwetu

Mleta uzi

Heshima kwenu wakuu.

Mimi ni afisa ustawi wa jamii katika hospitali moja ya rufaa ya mkoa. Wengi wanaofika mezani kwangu wametumwa na daktari aliyemaliza vipimo vyote asione kitu. Presha nzuri, sukari nzuri, moyo umepimwa uko sawa, lakini mtu halali, kifua kinambana, usiku anashtuka akitafuta hewa. Tukiongea taratibu nikauliza hali hii ilianza lini, mara nyingi mno jibu linaangukia kipindi kilekile: mwanzoni mwa 2021, tulipomzika mama. Mama aliumwa nini? Hapo mtu anatazama chini, kisha anasema alipata changamoto ya kupumua.

Nimeona nilete jambo hili jamvini kwa sababu tunapozungumzia madhara ya corona kwenye akili, tunazungumza kama vile sisi tulifungiwa ndani kama watu wa Italia. Hatukukaa. Kwa hiyo wengi wanadhani sisi tulipona. Ninachokiona kazini ni kwamba sisi tuliumia mahali pengine kabisa, na mahali hapo ni msibani.

Kidunia picha inajulikana. Machi 2022 Shirika la Afya Duniani lilisema wasiwasi na sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, viliongezeka kwa asilimia 25 katika mwaka wa kwanza wa janga. Kabla ya hapo, Oktoba 2021, jarida la The Lancet lilitoa makadirio ya mwaka 2020: wagonjwa wa sonona kali milioni 53 na wa wasiwasi milioni 76, juu ya wale ambao wangekuwepo hata bila corona. Wanawake na vijana ndio walioumia zaidi. Sehemu kubwa ya takwimu hizo ilitoka nchi zenye pesa ya kufanya tafiti, kwa hiyo yetu tuisome kwa macho yetu wenyewe.

Tukumbushane. Mgonjwa wa kwanza hapa Tanzania alitangazwa 16 Machi 2020, Arusha. Kesho yake shule zikafungwa. Hospitali ya Amana pale Ilala ikageuzwa kuwa ya wagonjwa wa corona, kila mlango wa duka ukawekwa ndoo ya maji tiririka, na kuanzia 17 hadi 19 Aprili taifa zima likaombwa kufanya maombi. Mwisho wa Aprili takwimu za Bara zikasimama. Zanzibar ilipotoa zake za mwisho mapema Mei, hesabu ya nchi ikabaki walioambukizwa 509 na waliofariki 21, ikakaa hapo zaidi ya mwaka. Juni vyuo vikafunguliwa, shule zikafuata, na Rais Magufuli akatangaza kwamba Mungu ametuondolea ugonjwa. Watu walishukuru kwa dhati, tusisahau hilo.

Halafu ikaja Januari 2021. Makundi ya WhatsApp ya ukoo, ya kwaya, ya tuliosoma pamoja, yote yakawa ya matangazo ya misiba. 17 Februari tukampoteza Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ambaye chama chake kilikuwa kimeshasema wazi kwamba ana corona. Siku hiyohiyo akafariki Katibu Mkuu Kiongozi, Balozi John Kijazi. Mwanzoni mwa Machi, Padri Charles Kitima wa Baraza la Maaskofu Katoliki akasema mapadri zaidi ya 25 na masista 60 wamefariki ndani ya miezi miwili, kwa shida za kupumua. Kanisa liliweza kuhesabu kwa sababu lina orodha ya watu wake. Sisi wengine kila mmoja alihesabu kimoyomoyo.

Sasa hapa ndipo penye jambo langu. Mwaka 2020 tulikuwa na jina la ugonjwa, lakini maziko tulinyang'anywa: mwili umefungwa kwenye mfuko, watu wa afya wamevaa mavazi meupe, ndugu wachache wamesimama mbali, mengine yalifanyika usiku. Mwaka 2021 maziko tulirudishiwa, turubai likafungwa, ubwabwa ukapikwa, lakini tukakosa jina. Mtu anasimama kusoma wasifu wa marehemu, akifika kwenye sehemu ya ugonjwa anaruka. Hizi ni aina mbili tofauti za kuumia, na watu wa kila aina wanakuja na dalili zao.

Wa 2020 hawaamini. Kichwani wanajua amekufa, ila mwili haujakubali. Anaona mtu kwa mbali Kariakoo mwenye mwendo wa marehemu, anamfuata. Anapiga namba yake. Kuna mtaalamu wa Marekani, Pauline Boss, aliyefanya kazi miaka mingi na familia za wanajeshi waliopotea vitani. Alieleza kwamba mtu akiondoka bila wewe kuuona mwili wake, huzuni haisongi mbele wala hairudi nyuma, kwa sababu akili haina ushahidi wa kushika. Wazee wetu hawakuhitaji kusoma hilo. Ndiyo maana ndugu ndio wanaoosha maiti. Mikono ikishagusa ule ubaridi, imejua. Ndiyo maana watu wanalala kwenye mikeka siku kadhaa, wanalia mpaka nguvu ziishe, wanakula pamoja, kisha siku ya kuanua tanga mkubwa mmoja anasimama anasema haya, kila mtu arudi kwenye shughuli zake. Ruhusa ile ya kurudi kuishi ni kubwa kuliko tunavyofikiri. Wale ambao hawakupewa, wengine wanajiona wasaliti kila wakicheka.

Wa 2021 wana hatia. Kwa kuwa ugonjwa haukutajwa, haukujadiliwa, na kwa kuwa haukujadiliwa kila mmoja alibaki na hesabu yake ya siri: mimi ndiye niliyetoka safari nikamkumbatia. Mimi ndiye niliyemfukiza nyungu badala ya kumkimbiza hospitali. Mimi ndiye niliyekosa pesa ya mtungi wa oksijeni. Nimekutana na ndugu watatu wa tumbo moja, kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja ana hakika kwamba ni yeye aliyemuua baba yao. Hawajawahi kuambiana.

Karibuni tuongee. Naomba tusigeuze uzi huu kuwa wa siasa za nani alikuwa sahihi. Kuna watu humu wanaumwa.

Mchangiaji, Moshi

Mkuu umenigusa pabaya. Baba yangu alifariki Dar mwishoni mwa Aprili 2020. Sisi Wachagga unajua mambo yetu, mtu anazikwa kihambani kwake, kwenye migomba yake, karibu na baba yake. Baba amezikwa Dar, kwenye makaburi ya watu wengi, na aliyeshuhudia ni kaka yangu peke yake, naye alisimama mbali gizani.

Mama mpaka leo hasemi kwamba mumewe amekufa. Anasema "wale watu wa Dar wanasema". Amewahi kumwambia mdogo wangu kwamba huenda walikosea mwili, huenda yuko mahali. Tulimpeleka kanisani akaombewa, tukampeleka hospitali akapewa dawa za usingizi. Akilala anaamka na swali lilelile. Sisi watoto tumechoka na tunaona aibu kwamba tumechoka.

Mchangiaji, Dodoma

Nakupinga kidogo mleta mada, kwa heshima. Mimi naona hofu ndiyo iliyoua watu. Ukifungua redio za nje ni vifo tu, idadi kila saa. Sisi tulipoacha kuhesabu watu wakatulia, wakafanya kazi, watoto wakarudi shule. Leo unataka turudi kwenye hofu ileile tuliyoiacha.

Mleta uzi

Mkuu wa Dodoma, sehemu ya hoja yako ni ya kweli na sitaki ipite bila kuheshimiwa. Hofu ya kila saa inaumiza mwili. Anayesikiliza idadi ya maiti asubuhi, mchana na jioni, akili yake haipati muda wa kushuka, na tafiti nyingi za kipindi kile zilionyesha kwamba waliokaa kwenye habari za janga muda mrefu ndio waliokuwa na wasiwasi zaidi. Na kuhusu watoto una haki kabisa. Watoto wetu walirudi darasani Juni 2020. Uganda shule zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kikamilifu mpaka 10 Januari 2022, muda mrefu kuliko nchi yoyote duniani. Kuna mabinti kule waliotoka darasa la sita wakawa mama kabla kengele haijagongwa tena. Hilo sisi lilitupita, na tushukuru.

Lakini kutulia kwa mtu ambaye hajafiwa na kutulia kwa mtu aliyefiwa si kitu kimoja. Ambaye hakufiwa, kuacha kuhesabu kulimpunguzia mzigo. Aliyefiwa, kulimwachia mzigo abebe peke yake, kwa sababu kila akitaka kusema kilichomuua mama yake anaona kama anavunja utulivu wa wengine. Nazungumzia huyu wa pili.

Niongeze jambo moja ambalo limekuwa likinisumbua. Machi 2021 Rais Magufuli alipofariki, serikali ilisema ni tatizo la moyo, na mimi sina neno juu ya hilo. Ninachotaka mkumbuke ni namna nchi ilivyolia. Watu walijipanga barabarani Dar, Dodoma, Zanzibar, Mwanza mpaka Chato. Kina mama walitandika khanga zao lami gari la mwili lipite juu yake. 21 Machi, Uwanja wa Uhuru, watu 45 walifariki katika msongamano wa kwenda kumuaga. Wengi walikuwa wanamlilia yeye kweli, walimpenda. Lakini nimesikia kutoka kwa watu kadhaa, mmoja mmoja, maneno yanayofanana: "Siku ile nililia mpaka nikaishiwa nguvu, na katikati ya kilio nikajua namlilia baba yangu." Ulikuwa msiba wa kwanza ambao mtu aliweza kulia hadharani kwa sauti bila kuulizwa kitu. Machozi ya misiba mingi yalitokea mlango ule mmoja.

Mchangiaji, muuguzi

Naomba niseme upande wetu. Nilikuwa wodini wimbi la mwanzo wa 2021. Sitaji hospitali.

Kifo tumekizoea, ndiyo kazi. Tulichokuwa hatujakizoea ni kukaa katikati ya mgonjwa na ndugu zake kama ukuta. Mgonjwa anakuuliza sista, mwanangu amekuja? Yuko getini tangu alfajiri, haruhusiwi kuingia. Unamwambia yupo, anakusalimia. Halafu anafariki na wewe ndiye wa mwisho aliyemshika mkono, na unatoka getini kumkuta yule kijana bado kashika chupa ya uji. Na kwenye faili unaandika maneno unayoyaweza.

Nyumbani nako hukubaliki. Mwenye nyumba aliniomba nihame "kwa muda". Mume wangu hakuwa na tatizo ila mama mkwe aliwachukua watoto. Nilikuwa nafua sare usiku ili majirani wasione. Wenzangu wawili waliacha kazi baadaye. Hawakuwa wanaumwa, walisema hawawezi tena kusikia sauti ya mashine. Hatukuwahi kuitwa hata siku moja tukae tuzungumze yaliyotupata. Tulipewa pongezi kwenye hotuba.

Mchangiaji, Mombasa

Poleni sana ndugu zetu. Kwetu Kenya ilikuwa kinyume: kila kitu kilitajwa, kila jioni waziri Mutahi Kagwe yuko kwenye runinga na idadi. Lakini kutajwa nako hakukutuponya. Kafyu ilianza 27 Machi 2020, na siku hiyohiyo watu waliokuwa wanakimbilia feri ya Likoni warudi makwao walipigwa na kurushiwa vitoa machozi. Siku tatu baadaye Nairobi mtoto wa miaka 13 aliuawa kwa risasi akiwa amesimama kwenye roshani ya nyumba yao. Mei wakaufunga Mji wa Kale, kuingia hakuna kutoka hakuna, na ilikuwa ndani ya Ramadhani. Sisi tuliozaliwa kule tumezoea baraza, tumezoea milango iko wazi. Mamangu mpaka sasa akisikia king'ora cha polisi jioni moyo unamwenda mbio, na kafyu iliondolewa Oktoba 2021.

Hivyo mimi nasema kuna maradhi ya kunyamaza na kuna maradhi ya kutishwa. Yote mawili yanaumiza.

Mchangiaji, Arusha

Mnaongea misiba, mimi niongee pesa maana nayo iliua watu akili. Nilikuwa dereva wa watalii. Mwaka 2019 nchi ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5, mwaka 2020 wakashuka hadi kama laki sita na ishirini elfu. Hiyo ni takwimu tu, kwetu ilikuwa gari la mkopo limeegeshwa uani, nyasi zinaota chini yake. Mke alikuwa anauza maandazi ndiyo tunakula. Sikufiwa na mtu, kwa hiyo sikuwa na haki ya kusema nina huzuni. Nilianza kunywa mchana. Nilikuwa mkali kwa watoto kwa vitu vidogo mno. Sijui kama hiyo nayo unaihesabu.

Mleta uzi

Mkuu wa Arusha, hiyo naihesabu kabisa, na nashukuru umeisema mbele za watu. Wanaume wengi huja kwangu baada ya miaka, na hawaji wakisema nina huzuni. Wanakuja kwa kuumwa mgongo, vidonda vya tumbo, au wanaletwa na mke kwa sababu ya pombe. Mwanaume aliyezoea kujulikana kwa kuleta, siku asipoleta anahisi hayupo. Na kwa kuwa mkopo haupigiwi turubai wala hauandikiwi daftari la rambirambi, hakuna aliyekuja kumpa pole. Ukali kwa watoto na kunywa mchana ni sura mbili ambazo sonona inazipenda kwa wanaume, na zinatibika. Nikutumie ujumbe pembeni, nikuelekeze pa kuanzia huko Arusha.

Sista, kwako sina la kufundisha. Ninachoweza kusema ni kwamba nimejaribu na wauguzi wa kwetu kukaa kwa kikundi, watu sita hivi, kila mmoja anamtaja mgonjwa mmoja anayemkumbuka zaidi. Bila mtaalamu wa nje, bila posho. Mara ya kwanza walilia wote. Mara ya tatu walianza kuulizana habari za nyumbani. Kama uongozi wenu hautaki, fanyeni nyumbani kwa mmoja wenu.

Ndugu wa Mombasa, umenisahihisha vizuri. Kutajwa peke yake si dawa. Idadi ikisomwa na serikali jioni na polisi wako mlangoni, idadi yenyewe inageuka tishio. Ninachokitafuta mimi ni kutajwa na watu wako, ndani ya nyumba yako.

Mchangiaji, Bukoba

Vijana, mimi nina miaka sitini na kitu, natokea huku Kagera. Nawasoma na naona mnapita njia tuliyopita sisi.

UKIMWI ulipoonekana kwetu 1983 tuliuita Juliana, jina la nguo zilizokuwa zinaletwa kwa magendo kutoka Uganda. Wengine walisema ni uchawi wa wafanyabiashara waliodhulumiana. Tulizika vijana kila wiki. Msibani hakuna aliyesema amekufa na nini. Tulisema ameugua muda mrefu, au malaria imempanda kichwani. Nyumba zikabaki na bibi na wajukuu. Ilichukua miaka mingi mpaka watu walioambukizwa wenyewe waliposimama makanisani na misikitini wakasema mimi ninao. Siku hizo ndizo nilizoona watu wakianza kulia vizuri. Hata wale waliozika miaka kumi nyuma walikwenda makaburini wakafyeka majani.

Kwa hiyo msione mmechelewa.

Mleta uzi

Shikamoo mzee. Ahsante sana. Maneno yako ya mwisho ndiyo niliyokuwa nayatafuta kwa ajili ya ndugu wa Moshi na wengine walionitumia ujumbe pembeni wakiuliza kama inafaa kufanya kitu leo, miaka yote hii imepita.

Inafaa. Ninavyofanya mimi na familia zinazokubali ni hivi. Tunakaa nyumbani, si ofisini, siku ambayo wote wanaweza kufika. Tunaanza na siku ya kwanza ya ugonjwa, kila mtu anaeleza alichokiona yeye, kwa mpangilio: nani alipiga simu, nani alikodi gari, daktari alisema nini, saa ngapi ilikuwa. Mara nyingi watu wanagundua mambo waliyokuwa hawayajui. Yule aliyedhani yeye ndiye aliyeleta corona nyumbani anasikia kwamba marehemu alishaanza kukohoa kabla hajafika. Yule aliyedhani oksijeni ingemwokoa anasikia kutoka kwa daktari kwamba aliwekewa na haikusaidia. Si kila hatia inayeyuka. Kuna mwingine kweli ndiye aliyetoka safari. Huyo naye anahitaji kusikia ndugu zake wakisema hukujua, na hatukujua.

Kisha ugonjwa unatajwa. Huwa namwomba mkubwa wa familia autaje yeye, kwa mdomo wake. Baada ya hapo ndipo dini inaingia. Wakristo huomba misa au ibada ya kumbukumbu, Waislamu husoma hitma na kuomba dua. Kuhusu lipi linafaa na lipi halifai sheria yake ataisema sheikh au padri wenu, mimi si mjuzi huko. Kazi yangu ni kuhakikisha kwamba siku ile ikiisha kuna mtu anayesema tanga limeanuliwa.

Ndugu wa Moshi, kwa mama yako ningeongeza kitu. Mama haumwi wendawazimu. Anauliza swali la haki: nani alimwona? Dawa za usingizi haziwezi kulijibu. Mtafutieni shahidi. Hospitali ina faili lake, mochwari ina rejista yenye saa ya kupokelewa na ya kutolewa, na mara nyingi yupo mtu aliyeuandaa mwili ambaye bado anafanya kazi palepale. Ombeni kwa maandishi kama familia. Akipatikana, mama amsikie kwa masikio yake: alikuwa amevaa nini, alikuwa na kovu wapi. Suala la kuhamisha kaburi lina vibali vyake na ni refu; kuhusu kuchukua udongo wa kaburini kuupeleka kihambani, wazee wa ukoo wenu wana taratibu zao, waulizeni kabla ya kuanza kuwaza gharama.

Kwa wote: kufiwa kunauma muda mrefu na si ugonjwa. Mwongozo mpya wa Shirika la Afya Duniani, ulioanza kutumika Januari 2022, unataja huzuni iliyorefuka kama tatizo la kutibiwa pale inapopita miezi sita, ikavuka yale yanayotarajiwa katika dini na mila za mtu, na ikamzuia kuishi: hafanyi kazi, hali chakula, hajali watoto. Ukifika hapo nenda hospitali ya mkoa, ulizia kitengo cha afya ya akili. Muhimbili ipo, Mirembe pale Dodoma ipo, na kwenda Mirembe si aibu. Ukianza kuwaza kufa, usisubiri kesho, mwambie mtu leo na aende nawe. Najua wengine wanaogopa kwa sababu Kanuni ya Adhabu bado inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na mimi ni kati ya wanaotamani kifungu hicho kiondolewe. Lakini kuwa na mawazo hayo na kumwambia daktari si kosa. Tuko pale kwa ajili hiyo.

Mchangiaji, Moshi

Mkuu nimesoma mara mbili. Nimempigia kaka sasa hivi, anasema aliyemwandalia baba mwili ni kijana mmoja ambaye walibadilishana namba usiku ule na hajawahi kumpigia. Anaogopa. Nimemwambia nitapiga mimi. Swali langu moja: tukimpata, tumpeleke kwa mama tukiwa wote watoto, au mama amsikie peke yake kwanza? Na wajukuu wawepo?

Mleta uzi

Muulizeni mama mwenyewe anataka nani awepo, msimpangie. Mwambieni mapema mtu huyo ni nani na anakuja kueleza nini, asishtukizwe. Kaka yako awepo kwa vyovyote, naye ana usiku wake wa kueleza. Wajukuu walioanza shule ya msingi wanaweza kukaa kama wanataka, akiwepo mtu mzima mmoja wa kutoka nao wakichoka. Wadogo zaidi wabaki na jirani. Na yule kijana mumpe nauli na chakula, mumsikilize na yeye. Inawezekana hajawahi kuulizwa.

Ukishapiga simu, lete mrejesho hapahapa.